Hangul: 불, 풀 na 뿔 zimeachana hatimaye

Leo sikio limekubali Kikorea. 불 ni moto, 풀 ni nyasi, 뿔 ni pembe, nami nazitambua bila kutazama maandishi. Herufi zenyewe, yaani Hangul, hazikunitoa jasho. Mfalme Sejong wa Korea alizibuni 1443 na kuzitangaza 1446 ili watu wa kawaida wazishike upesi: ㄱ ni ulimi uliojikunja nyuma, ㅁ ni mdomo. Balaa ni zile sauti zinazokuja tatu tatu, ㅂ ㅍ ㅃ na wenzake. Kila video inasema ㅂ iko “kati ya b na p”. Kati wapi?

Kimvita ndicho kilichonifungulia mlango. Kwetu paa la nyumba na p'aa wa porini havitamkwi sawa, wala kaa la moto na k'aa wa baharini. Jina la mnyama lina mpumuo, yaani pumzi hutoka pamoja na p au k. Basi ㅍ ni p'aa, ㅋ ni k'aa, hapo sina haja ya mwalimu. ㅃ ni paa la nyumba, ila koo limekazwa zaidi.

ㅂ ikabaki na ukaidi wake. Mwanzoni mwa neno nayo hupumua, kwa hiyo ile mbinu ya kushika karatasi ya shashi mbele ya mdomo ili kuona pumzi haisaidii kitu. Inapepea kwa ㅂ na ㅍ zote mbili! Nikatia rekodi kwenye Praat, programu ya kuchunguza sauti (sura mbaya, kazi safi, na ni ya bure), nikaona mstari wa kidatu, yaani sauti inavyopanda na kushuka: vijana wa Seoul huanza 불 chini, 풀 juu. Kumbe nilikuwa nawinda pumzi, na jibu liko kwenye kidatu. Tangu hapo sijazichanganya.

Halafu hizi herufi za Kilatini za kuandikia Kikorea zitupwe. ㅓ huandikwa “eo”, na Mswahili akiona eo atasoma irabu mbili, Seoul iwe na silabi tatu. 서울 ni mbili, basi.

Mpango ulikuwa niingie konsonanti za mwisho wa silabi, batchim. Zitangoja, maana nimenogewa kuandika majina ya kwetu kwa Hangul. 리코니 (Likoni) imekaa vizuri, 키보코니 (Kibokoni) pia. Ng'ombeni imenikwamisha: ㅇ hutoa ng' mwishoni mwa silabi tu, mwanzoni ni bubu. Na f ya Kilifi sijaigusa.