Mifupa Iliyobaki Ukutani

Leo mama yangu, mzaliwa wa Lindi, ameweka kiganja juu ya mfupa wa dinosaria wenye umri wa karibu miaka milioni 150, na hakuna mlinzi aliyemkataza. Hapa wanaruhusu. Nimeona niandike usiku huuhuu, kabla hatujaondoka Vernal, mji wa jimbo la Utah, Marekani.

Tulitoka Denver na RV ya kukodi, gari lenye jiko, choo na vitanda ndani yake. Mdogo wangu ndiye dereva. Glenwood Canyon, korongo refu la milimani, ilitunyamazisha sote: kuta za mawe pande zote mbili, mto Colorado chini, na barabara iliyojengwa kwa ngazi, njia ya kwenda ikiwa juu ya njia ya kurudi, ili mlima usichongwe kupita kiasi. Mama alikuwa akivuta uradi dirishani, akiomba magari makubwa yatupite salama.

Mjini Grand Junction nilitaka tusimame kwa sababu yangu mwenyewe. Pale kuna kilima kidogo, Riggs Hill, ambako mwaka 1900 mtafiti Elmer Riggs alichimbua mifupa ya dinosaria aliyekuja kumpa jina la Brachiosaurus mwaka 1903. Mjusi wetu wa Tendaguru, yaani dinosaria wa kilima cha kwetu Lindi, yule aliyesimamishwa Berlin kwa urefu wa mita 13 na ushei, alipewa jina hilohilo mwaka 1914. Baadaye wataalamu walimtenga wakamwita Giraffatitan, lakini undugu wao uko palepale. Mama alikizunguka kile kilima polepole. Akauliza, “Kwa hiyo huyu ni wa ukoo mmoja na wa kwetu?” Nikamwambia ndiyo, mama.

Kutoka hapo tulipanda Douglas Pass, njia ya mlimani. Kona zake ni kali, na gari zito kama lile linataka gia ndogo kupanda na kushuka. Nisingeirudia njia ile usiku.

Jambo lililonileta ni jumba la machimbo katika Dinosaur National Monument, hifadhi ya mifupa ya dinosaria karibu na Vernal. Magari yanaachwa chini, mnapandishwa kwa basi dogo. Ndani ya jumba, upande mzima ni mwamba uliosimama karibu wima, na ndani ya mwamba kuna mifupa ipatayo 1,500 iliyochongwa ikaonekana bila kung’olewa: mapaja, pingili za uti wa mgongo, fuvu la dinosaria aitwaye Camarasaurus na shingo yake. Zamani palikuwa na mto. Wanyama walikufa, maji yakaikusanya mizoga sehemu moja, mchanga ukaifunika, ukageuka jiwe, kisha ardhi ikainuka na kulilaza tabaka lote ubavu.

Mtafiti Earl Douglass alipaona hapa Agosti 1909. Kwa miaka mingi aliisafirisha mifupa kwenda jumba la makumbusho la Carnegie, Pittsburgh, kwa tani na tani. Lakini ni yeyeyule aliyependekeza iliyobaki iachwe mwambani na kujengewa paa, watu waje kuiona ilipolala. Jengo lilifunguliwa mwaka 1958, naye alikwishafariki mwaka 1931.

Mwaka huohuo wa 1909 Wajerumani walianza kuchimba Tendaguru, miaka miwili tu baada ya Vita vya Maji Maji, katika nchi iliyokuwa imeteketezwa kwa moto na njaa. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu mwenye jicho na mkono wa kazi, ambaye watoto wetu wangepaswa kulijua jina lake. Mamia ya watu walibeba mizigo vichwani, siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Kufikia 1913 zaidi ya tani 200 zilikuwa zimevuka bahari. Nilipousimulia mkasa huo mbele ya ule ukuta, mama alisema bibi yake alikuwa akitaja “mawe ya Wadachi”, yaani Wajerumani, na yeye utotoni alidhani ni mawe kweli.

Alasiri tulichukua barabara ya Harpers Corner hadi mahali pa kutazamia Echo Park, ambapo mto Yampa unaingia mto Green. Kushuka chini ni barabara ya vumbi, RV haiendi. Miaka ya 1950 serikali ilitaka kujenga bwawa pale. Watu walipinga, na sheria ya mwaka 1956 ikapita bila bwawa hilo. Maji bado yanapita, mekundu kwa tope, yakilizunguka jabali la Steamboat Rock.

Wakati wa chakula tulibishana. Mdogo wangu anataka mjusi arudishwe kutoka Berlin mzima mzima. Mimi nataka pia paa juu ya kilima cha Tendaguru, maana mifupa mingine bado imo ardhini, na vijana wa Lindi wasomeshwe kuichonga. Mama alitusikiliza hadi mwisho, akamwaga chai yake iliyopoa. “Mnajenga jumba, watalii watapita wapi? Masika hata pikipiki inakwama kule. Anzeni na barabara.” Mdogo wangu akamuunga mkono papo hapo, nami sikuwa na la kumpinga.