Do 27 ya mita tatu imepaa, na kitundu cha kabureta kimenyamaza

Imepaa! Jumamosi asubuhi, kabla upepo haujaanza, Dornier Do 27 yangu, ndege ya mfano ya kuongozwa kwa redio, ya kipimo cha robo ya ile halisi, iliacha nyasi, ikazunguka uwanja, ikarudi na kutua kwa magurudumu yote matatu. Mabawa mita 3, uzito kilo 13 na ushee, injini ya petroli ya cc 55. Mabawa, servo (vimota vinavyovuta usukani) na kitovu cha uzito sitavirudia, wote mnavijua. Kilichokula muda wangu ni kabureta.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Ukivua boneti, yaani kifuniko cha injini puani, injini iko safi kabisa: sailensa (mzunguko wa polepole) imetulia, ukipiga resi inaitika papo hapo. Funga boneti, ipe mafuta yote, subiri kidogo. Inaanza kumisi, resi zinashuka, moshi mzito unatoka na oili nyeusi inachuruzika tumboni mwa ndege. Ukikaza sindano ya H, skrubu inayopima petroli ya kasi kubwa, boneti ikiwa imefungwa, inatulia. Ukivua boneti tena, sasa petroli haitoshi na silinda inachemka kupita kiasi. Yaani injini moja, sindano moja, na tabia mbili. Nilifika mahali nikawa nalala na kuamka na bisibisi.

Ushauri ulikuwa mwingi. Badilisha plagi, badilisha betri ya moto, ni mwinuko wa Arusha. Mwinuko ni kweli unahusika: tuko karibu mita 1,400, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa kama asilimia 15, kwa hiyo sindano hukazwa kidogo na ndege hutaka kasi zaidi kabla ya kuinuka. Lakini mwinuko haubadiliki kwa kukaza skrubu nne za boneti!

Aliyenisaidia hajawahi kugusa ndege. Ni mzee mmoja fundi wa chenso, maana kabureta zetu ni ndugu moja na za chenso. Nikamwamkia, nikamweleza, akaigeuza kabureta mkononi na kuniuliza, "Mwanangu, hii inapumulia wapi ukiifungia ndani?"

Akanionyesha. Kwenye kifuniko cha kiwambo, ile ngozi nyembamba ndani ya kabureta, kuna kitundu ambacho sindano ya kushonea inaingia kwa shida. Kiwambo hupima petroli kwa kulinganisha mvuto wa injini na hewa ya nje inayopita hapo. Kwenye boneti yangu, propela inasukuma upepo ndani kupitia matundu ya mbele, upepo haupati pa kutokea haraka, presha inapanda na kukandamiza kiwambo, kiwambo kinafungua vali na petroli inazidi. Boneti ikivuliwa, presha haipo. Ndiyo maana sindano haikupata mahali pa kukaa.

Dawa ni bomba la brasi la milimita 3, limelehemiwa juu ya kitundu kile, kisha mpira wa silikoni kutoka hapo, kupita ukuta wa injini, hadi ndani ya kiwiliwili ambako hewa imetulia. Kiwambo kitolewe kwanza, kisiungue. Na hapa niseme wazi: pasi ya kulehemia ya wati 30 ya mafundi redio haifai kazi hii. Kifuniko kinanyonya joto lote na risasi inabaki vidonge vidonge. Chukua ya wati 100 yenye ncha pana, piga msasa mpaka chuma king'ae, paka flaksi, ile dawa ya kushikisha risasi. Wanaosema epoksi inatosha siwaelewi. Petroli na mtetemo vitaing'oa, tena angani. Nilipanua pia tundu la kutokea hewa chini ya boneti mpaka likazidi yale ya kuingilia kwa zaidi ya mara mbili, silinda ipoe.

Tangu hapo haijamisi hata kidogo, boneti iwepo isiwepo. Siku ya kuruka niliipa mafuta taratibu, usukani wa mkia kulia kidogo kwa sababu inavuta kushoto, mkia ukanyanyuka, na baada ya hapo sikuwa na kazi kubwa. Trimu (kurekebisha usukani) kidogo tu, pua chini. Nilipiga kelele kama mtoto.

Mpango ulikuwa sasa nipake milia ya pundamilia na namba D-ENTE, kama ile Do 27 ambayo Bernhard Grzimek, mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani, na mwanawe Michael walirukia kuhesabu wanyama wa Serengeti, na ambayo Michael alifia tarehe 10 Januari 1959 baada ya kugongana na tai mzoga. Rangi ninayo tayari. Ila tangu Jumamosi nawaza kuhesabu kwenyewe: kamera tumboni, ikitazama chini moja kwa moja, ipige picha kila sekunde mbili juu ya mbuzi wa jirani, kisha nilinganishe na idadi anayoijua yeye. Trei ya kamera nimeshaikata kwa plaiwudi, kwa hiyo milia isubiri. Kinachonisumbua sasa ni mtetemo, picha zinatoka zimepindapinda. Sponji nimejaribu, haitoshi. Mwenye kutumia mipira ya kuning'iniza kamera kwenye injini ya petroli ya silinda moja aniambie alitumia laini au migumu.