Kikombe cha Maji ya Moto

Mwaka 2016 nilikuwa nafundisha Muheza na kulala Tanga mjini. Kila siku ya kazi nilikuwa nakula kilomita kama 35 kwenda na 35 kurudi, kwa gari dogo la Kijapani, gia za otomatiki, lililokwisha kupita mikononi mwa watu wawili kabla yangu.

Asubuhi halikuwa na neno. Kasheshe ilikuwa mchana wakati wa kurudi. Nikikaribia Pongwe, jua limewaka na injini imeshapata moto vizuri, taa ya O/D OFF, ile ya gia pale mbele ya usukani, inaanza kupepesa yenyewe na gari linakuwa zito. Nikisimama kupisha mtu, kuondoka tena ni shughuli: nakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari linajivuta kama bibi harusi. Nikilizima nikakaa nusu saa chini ya mwembe, nikiliwasha linaondoka kama si lile.

Nikalipeleka gereji moja, jina naliacha. Kijana akachomeka mashine yake ya kupimia, ikatoa namba ya hitilafu, P0500. Akaitazama kidogo, akachomoa. "Mwalimu, hapa giaboksi imekwenda." Giaboksi ya mtumba kutoka Ilala, Dar es Salaam, pamoja na ufundi, ingekuwa milioni 1 na laki 4. Nikatanguliza laki 2. Nyumbani sikusema kitu kwa siku mbili.

Shemeji yangu ndiye aliyenivuta hadi Ngamiani, kwa mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza magari chini ya mkungu. Hakuwa na gereji wala bango. Alikuwa na sanduku la spana, meza ya mbao na jirani muuza chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nieleze, lakini usinianzie na giaboksi. Anza na gari."

Nikaeleza. Akawasha injini, akachomoa kijiti cha oili ya giaboksi, akakipangusa kwenye kitambaa cheupe na kukinusa. Oili ilikuwa nyekundu bado. "Giaboksi iliyokufa hunuka, oili yake inakuwa nyeusi kama imekaangiwa. Hii haijaungua." Kisha akaniuliza swali ambalo kule kwingine sikuulizwa: "Kabla gari halijawa zito, hapo mbele ya usukani unaona nini?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimeona. Mara kadhaa, niko katikati ya mashamba ya mkonge, gari linakimbia, mshale wa spidi ukaanguka ghafla hadi sifuri na kulala pale. Kwa akili zangu ule ulikuwa ugonjwa wa pili, na kwa kuwa pesa niliyokuwa nayo ilikuwa ya ugonjwa mmoja, nikauficha.

Mzee akacheka mpaka akaketi. "Mwanangu, ndio huohuo mmoja!"

Akanifafanulia huku akijichorea kwa kidole kwenye vumbi la boneti. Kompyuta ya gari hupanga gia kwa kutazama mguu wako kwenye mafuta na mwendo wa gari. Habari ya mwendo huletwa na sensa iliyochomekwa kwenye giaboksi, na kwenye gari langu sensa hiyohiyo ndiyo inayousukuma mshale. Ikinyamaza, kompyuta haijui kama gari limesimama au linakimbia, basi inang'ang'ania gia moja kubwa ili isiharibu kitu. Ndiyo maana nilikuwa naondokea gia nzito. Na ile P0500 ilikuwa inasema hivyohivyo, kwamba habari ya mwendo haifiki. Ila haikusema mkosaji ni sensa au ni waya, kwa hiyo mzee alianza kwa kuupapasa waya wote, inchi kwa inchi, mpaka kwenye plagi. Ulikuwa mzima.

Akaingia uvunguni na spana namba 10, akatoka na kitu chenye ukubwa wa kidole gumba. Nchani palikuwa na vumbi la chuma limenata kwenye sumaku kama masizi. Akalipangusa, akagusisha pini mbili kwa mita yake ya mkono, kupima ukinzani wa umeme kwa ohm: 620. "Mzima huyu," nikasema, roho ikinishuka.

"Mzima akiwa baridi."

Akamwomba jirani maji yanayochemka, yakaja kwenye kikombe cha bati. Akaitumbukiza sensa, kichwa chenye pini kikibaki nje, na nyaya za mita zikiwa zimeshikilia. Tukakodoa macho watu watano, pamoja na muuza chai. 640. 690. 730. Halafu namba zote zikapotea, ikabaki 1 peke yake pembeni mwa kioo, yaani umeme haupiti tena. Ndani kuna koili ya waya mwembamba kama unywele, umekatika mahali. Ukiwa baridi ncha zinagusana, ukipata joto zinaachana. Akaitoa, akaipepea kwa kipande cha boksi, na baada ya muda 620 ikarudi.

Sensa ya mtumba aliipata palepale Ngamiani kwa elfu 35, nayo ikaonja maji ya moto kabla sijatoa pesa. Muuza chai akadai kikombe chake kimeharibika, kinanuka oili, na alikuwa na haki, nikamlipa. Zile laki 2 nilirudishiwa laki 1 na nusu, kwa mafungu matatu, na salamu zikaishia hapo.

Jumatatu mchana nilimpakia mwalimu mwenzangu kurudi mjini. Tulipofika Pongwe mshale ulikuwa umesimama kwenye 70, haucheki na mtu. Nikawa nauangalia. Tukapita, nikauangalia tena.

"Dada," mwenzangu akasema, mkono ameshaubana mlangoni, "mbele kuna mbuzi."