Mkate wa jibini na vitunguu vya siki
Jana usiku nilikata kitunguu chekundu kimoja, vipande vyembamba mno, nikavimwagia siki ya moto yenye chumvi na sukari kidogo. Asubuhi nikavikuta vimegeuka rangi ya waridi, vinapendeza hata kuvitazama tu. Nikapaka siagi upande wa nje wa mkate (ndiyo, wa nje!), katikati jibini na vitunguu, nikaubandika kikaangoni. Wa kwanza uliungua huku jibini bado ngumu. Haraka zangu! Wa pili nikapunguza moto, nikafunika dakika 3 hivi, jibini ikayeyuka yote. Bila ule uchachu wa vitunguu ningekinai mapema. Ila vikamueni kwanza, la sivyo mkate utalowa. Chupa ya vitunguu imebaki nusu, na sidhani itafika kesho.