Kompyuta inawaka, feni inazunguka, lakini skrini ni giza tu

Nina saiba ndogo hapa Kondele, Kisumu, mashine sita na printa mbili, na mtu yeyote mwenye saiba Kenya hii anajua wiki ya mwisho ya Juni venye inakuwanga. Ritani za kodi za KRA zinafungwa tarehe 30 na watu wengi wanangoja mpaka siku nne za mwisho, kwa hivyo kuanzia tarehe 27 benchi inajaa, wengine wanasimama nje kwa veranda wakishika vitambulisho mkononi. Ni siku hiyo ndio mashine namba nne iligoma.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha ile ya ziwa, ile inaanza na upepo alafu radi mfululizo, stima ikapotea ikarudi, ikapotea ikarudi. Asubuhi nikawasha zote. Tano zikaamka vizuri. Namba nne taa ya mbele ikawaka, feni ikazunguka, hata ile diski ya ndani nikaisikia ikianza kuvuma, alafu basi. Monita ikaonyesha kile kisanduku cha No Signal kinatembeatembea kwa skrini, ikalala, taa yake ikabadilika ikawa ya machungwa.

Nikapigia fundi mmoja simu nikamweleza. Hata sijamaliza akasema, "Mama, hiyo ni mazabodi imeenda, stima imeipiga. Tafuta elfu saba nikuletee ingine." Hajaiona, hajaigusa, hajauliza hata swali moja. Na hii ndio sababu naandika leo, kwa sababu nimeona watu wengi huku kwetu wakiuza mashine nzima kwa bei ya chuma chakavu juu ya sentensi kama hiyo. Mazabodi, ile bodi kubwa ya ndani yenye vitu vyote vinachomekwa, inaweza kufa, ndio, na radi inaweza kuiua. Lakini hiyo ni kitu unasema mwisho, baada ya kupima zingine zote, maanake kupima ni bure na mazabodi sio bure.

Kitu cha kuelewa kwanza ni hiki. Ukibonyeza ile batani, kabla Windows haijafikiriwa kabisa, mashine inajikagua yenyewe. Inaangalia prosesa, ubongo wa mashine, iko, inaangalia ramu, ile kumbukumbu ya muda, iko na inasomeka, inaangalia mahali pa kutuma picha, na ikiridhika ndio inakuonyesha ile nembo ya kampuni. Feni kuzunguka haimaanishi huo ukaguzi umepita, inamaanisha tu stima imefika. Kwa hivyo ukiona giza usianze kusumbuka na Windows ama kirusi ama kufomati, bado hamjafika huko. Swali ni moja tu, ukaguzi umekwamia wapi?

Nilianza na monita kwa sababu ndio rahisi. Nikachomoa waya yake nikaichomeka kwa namba tano, ikaonyesha picha. Sawa, monita nzima, waya nzima. Usiruke hii hatua hata kama unajiona mjuzi. Zile waya za VGA zenye skrubu mbili za buluu pembeni, kuna pini 15 pale ndani na moja ikipinda unaweza kupoteza picha yote ama rangi moja. Na kama monita yako ina matundu mawili matatu, VGA na HDMI na DisplayPort, angalia kama imewekwa kusoma lile tundu lenye umechomeka, batani ya kubadilisha iko chini ya skrini ama pembeni. Kuna kijana jirani hapa anacheza gemu, alinunua kadi ya picha akaiweka vizuri kabisa alafu akachomeka monita kwa tundu la zamani la mazabodi, akakaa siku mbili na giza. Ukiwa na kadi, monita inaenda kwa kadi, ni yale matundu yako chini yamelala, sio yale ya juu karibu na USB.

Hatua ya pili ni kibodi. Bonyeza Caps Lock uangalie kama kataa kake kanawaka na kuzima. Kakitii, mashine yako imeamka kabisa, inafanya kazi gizani, shida iko upande wa picha tu. Kasipotii, imekwama mapema. Ya kwangu haikutii.

Wakati huo wote mzee mmoja mwalimu mstaafu alikuwa ameketi mbele ya ile mashine na karatasi yake ya PIN ndani ya plastiki. Nikamwambia mzee, samahani, hamia ile ingine mtu akitoka. Akasema, "Nyathina, mtoto wangu, fungua tu, nataka kuona ndani kuna nini." Akabaki.

Sasa kabla hujafungua, chomoa waya ya stima ukutani kabisa, sio kuzima swichi tu, alafu ufinye ile batani ya kuwasha na uishikilie kama sekunde thelathini. Hii inamaliza stima yenye imebaki ndani, na wakati mwingine hii peke yake inaamsha mashine yenye ilichanganyikiwa na stima kuruka. Nimeona ikitokea mara kadhaa baada ya usiku wa radi. Ya kwangu haikuamka, lakini lazima ujaribu.

Na tafadhali, lile boksi la pawa saplai, lile linagawa stima ndani, lenyewe usilifungue, hata kama una bisibisi ya saizi yake. Stima yetu ni volti 240, na ikigeuzwa ndani ya hilo boksi inakaa kwa kapasita, vile vikopo vya kushika umeme, ikiwa zaidi ya volti 300, na inaweza kubaki humo muda hata baada ya kuchomoa. Pia kama yako ni ya zamani kuna kaswichi kekundu nyuma kameandikwa 115 na 230. Huku kanakaa kwa 230 siku zote, kwa hivyo usikaguse, maanake ukikasukuma kwa 115 alafu uchomeke ukutani utasikia mlio na moshi utafuata.

Nikafungua kifuniko. Aki ya nani, watu wa Kisumu mnajua wale wadudu wadogo wa ziwa, wale wanakuja jioni kama moshi wakitafuta taa, asubuhi unawafagia mlangoni kwa kijiko cha takataka. Namba nne ndio iko karibu na mlango, chini ya taa ya tyubu. Walikuwa wamejaa ndani, wamekauka, wepesi kama makapi ya mtama, na feni ilikuwa imewavuta mpaka kwa matundu ya ramu. Pale kwa tundu la kwanza niliona kitu kama uzi mweusi, kuangalia na tochi ya simu kumbe ni mabawa yameshikana na vumbi na unyevu, yamekuwa kama gundi. Mzee akainama akaangalia, akasema "hawa ndio wamekula kompyuta yako."

Nikatoa ramu zote mbili. Unafinya vile vishikio viwili vya pembeni vinafunguka, ramu inaruka juu yenyewe, usiivute kwa nguvu. Alafu nikafanya kitu chenye watu wengi wanaona ni ujinga, nikawasha mashine bila ramu yoyote. Ikalia. Biip, biip, biip, ile sauti mbaya inafanya watu waruke. Mimi nilifurahi sana. Mashine ikilalamika kwamba haina ramu, maana yake prosesa iko hai na mazabodi iko hai, kwa sababu kuna mtu ndani anauliza ramu iko wapi. Maiti hailalamiki. Angalia tu kama yako ina spika ndogo ndani, kwa sababu zingine hazina na kimya chake hakisemi kitu.

Kama ni HP Compaq za ofisi, hizi za eksi-yuke, mtumba kutoka Uingereza, ziko kila mahali, hata sio lazima usikilize, angalia taa ya mbele. Inawaka nyekundu mara kadhaa, inapumzika, inarudia. Hesabu. Ikiwaka mara tano ni ramu, mara sita ni upande wa picha, mara nne ni pawa, mara mbili ni joto la prosesa. Imekuandikia ugonjwa wake hapo mbele na watu wanaibeba kwa fundi bila kuhesabu.

Kusafisha nilitumia raba ya penseli, ile nyeupe laini ya watoto wa shule. Shika ramu kwa kingo, usiguse zile rangi ya dhahabu na vidole, sugua polepole upande huu na ule, utaona raba inageuka nyeusi. Alafu brashi ndogo ya rangi, kavu, mpya, ukapanguse matundu. Kwa ile gundi ya wadudu nililowesha pamba kidogo na spiriti ya duka la dawa, nikangoja ikauke kabisa, dakika kumi hivi. Kabla ya kushika chochote gusa chuma cha kesi, kuna umeme kwa mwili hata kama hauusikii.

Ukirudisha, rudisha moja tu. Hapa ndio watu wanakosea, wanarudisha zote mbili, giza linabaki, wanasema basi ramu sio shida. Nikaweka ya kwanza tundu la kwanza, giza. Nikaihamisha tundu la pili, giza. Nikaitoa, nikaweka ile ya pili kwa tundu la kwanza, nikaikandamiza mpaka nikasikia tik upande huu na tik upande ule, nikawasha. Kimya kidogo, alafu biip moja fupi. Nembo ikatokea. Mzee akapiga makofi, na watu wa benchi wakapiga makofi na hawakujua ni ya nini.

Kwa hivyo ramu moja kati ya mbili ilikuwa imekufa kweli, labda usiku wa radi, na mashine ilikuwa inakataa kuamka juu ya hiyo moja. Hiyo ndio ilikuwa mazabodi ya elfu saba.

Lakini haikuishia hapo. Windows ikafunguka, mzee akakaa, tukajaribu kuingia iTax, tovuti ya KRA ya kujaza ritani, brauza ikakataa, inasema muunganisho sio salama. Kuangalia saa pale chini kwa kona, tarehe iko mwaka 2011. Ile betri ya saa kwa mazabodi ilikuwa imeisha, na nilikuwa nimechomoa stima ukutani muda mrefu ikasahau kila kitu. Tovuti zinaangalia tarehe ya mashine yako, ikiwa nyuma miaka hiyo yote haziwezi kuamini. Nikarekebisha tarehe na mkono, mzee akajaza ritani zake, nikamprintia risiti, akasema ero kamano, asante, akaenda. Jioni nikanunua betri, inaitwa CR2032, ni duara ya volti 3 kama shilingi, inauzwa hata kwa mafundi wa saa. Kuitoa hiyo betri dakika tano hivi stima ikiwa imechomolewa pia ni dawa ya giza wakati mwingine, kwa sababu mipangilio yote inarudi ya kiwandani.

Kama umefanya haya yote na bado giza, angalia vitu vichache tena kabla ya kulia. Karibu na prosesa kuna plagi ndogo ya pini nne ama nane, tofauti na ile kubwa ya pini 24. Ikiachwa wazi, feni zote zitazunguka na hutaona picha milele. Nilikuta hiyo kwa shule moja upande wa Ahero, walikuwa wamehamisha maabara na kompyuta moja ikaitwa mbovu muhula mzima. Angalia kapasita, zile kama vikopo vidogo, vichwa vyao vinafaa kuwa bapa, vikivimba ama kutoa ute wa kahawia hapo sasa fundi ana haki. Azima pawa saplai ya mtu mwenye mashine kama yako ujaribu, lakini linganisha plagi kwanza, maanake Dell OptiPlex zingine kama 7020 na 9020 zinatumia plagi ya pini nane pale wengine wanatumia 24, na haziingiliani. Na ramu pia ziko za aina, DDR3 haiingii kwa tundu la DDR4, ile pengo ya katikati haiko mahali pamoja, ukiona inakataa usilazimishe.

Yule fundi alipiga simu tarehe 29 kuuliza kama nimepata pesa. Nikamwambia ilikuwa ramu. Akanyamaza kidogo, akaniuliza niliwezaje kujua, nikamweleza ile ya kuwasha bila ramu, na kusema ukweli alisikiliza mpaka mwisho.

Taa ya tyubu nimeihamisha nyuma, mbali na mlango, na saa kumi na mbili jioni nafunika namba nne na leso mpaka wale wadudu wapite. Nilinunua ramu ingine ya kuongezea, alafu nikaweka moja nzima kwa droo, DDR3 ya giga mbili, ya kupimia tu. Jana kijana wa kinyozi hapo chini amekuja kuiazima, yake pia inawaka na haionyeshi. Nimempatia na raba.