Bima ya sungura Nairobi: nimeulizia, nimepiga hesabu, sasa najiwekea mwenyewe

Watu wakijua nafuga sungura kwa nyumba swali la kwanza ni anakula nini, la pili ni utamchinja lini. Hakuna mtu huuliza akigonjeka analipiwa na nani, na hapo ndio kuna stori yenyewe, juu huyu mnyama ako na bei mbili hapa Nairobi, kuna bei ya kumnunua ambayo ni ya kucheka, na kuna bei ya kumtibu ambayo haijuani kabisa na ile ya kwanza. Wangu anaitwa Githeri, ako na madoadoa, ni wa kike, tunaishi naye bedsita huku Kasarani na keateka anajifanya hamwoni. Nilimnunua kwa pesa ambayo ningekula nayo lanchi siku mbili tatu. Bili aliyoniletea mwaka jana tumbo liliposimama ilikuwa elfu saba na kitu, na hapo hakulazwa hata.

Nieleze hiyo ya tumbo kusimama, juu ndio inaleta bili nyingi. Sungura anafaa awe anakula na kunya karibu siku nzima, matumbo yake yanasukumwa na zile nyuzinyuzi za nyasi. Sasa kitu kikimsumbua, iwe ni jino, iwe ni joto, iwe ni stres ya fataki za jirani, anaacha kula, matumbo yanapunguza mwendo, gesi inajaa, anaumwa, na venye anaumwa ndio anakataa kula kabisa. Na hawezi kutapika, hakuumbwa hivyo, kilichoingia lazima kitokee upande ule mwingine. Ndio maana madaktari wanaomjua watakwambia akimaliza masaa 10 ama 12 bila kula na bila kunya hiyo ni emajensi, sio kitu ya kungoja Jumatatu. Shida ingine ni kwamba anaficha, huko porini anayeonekana mnyonge ndiye huliwa kwanza, so akikuonyesha kwamba ni mgonjwa ujue ameugua kitambo. Ukiweka hayo yote pamoja bili yako inaanza usiku, wikendi, tarehe ishirini na kitu, na kliniki nyingi zinachaji zaidi baada ya saa za kazi. Ile elfu saba yangu ilikuwa ya kuonwa usiku, dawa ya maumivu, maji ya chini ya ngozi, dawa ya kuamsha matumbo na mafunzo ya kumlisha na sirinji. Sikuona kitu cha kulalamikia hapo, daktari alifanya kazi.

Baada ya hapo ndio nikaanza kutafuta bima. Mimi niko na bima ya gari na ile ya afya, nikajiambia kwani sungura ni nani asiwe nayo. Nikapiga simu kwa maajenti. Mmoja aliniuliza vizuri tu, "Madam, ni sungura wangapi?" Nikamwambia mmoja. "Ni wa biashara?" Nikamwambia ni wa nyumba. Akanyamaza kidogo halafu akasema, "Sasa madam, sisi huanzia ng'ombe." Mwingine alisema mbwa wa ulinzi tunaweza ongea, kama ako na karatasi zake. Wa tatu alianza na sungura akamalizia kuniuzia bima ya mazishi, ya kwangu mimi, na bado hunitumia meseji mpaka wa leo.

Lakini hizo simu zilinifungua macho. Bima ya wanyama tuliyozoea Kenya ni ya mifugo, na ya mifugo hulipa mnyama akifa. Ng'ombe amekufa kwa ugonjwa ama ajali, unaonyesha ile tagi ya sikio, daktari anaandika ripoti, unalipwa thamani yake ya soko. Kuna ingine hata haiangalii mnyama mwenyewe, kama ile ILRI, wale watafiti wa mifugo, walianzisha Marsabit mwaka wa 2010 halafu serikali ikachukua wazo hilo 2015 ikaanza na Turkana na Wajir, ile setilaiti inaangalia kama nyasi ziko kijani ama zimekauka, zikikauka kupita kiwango mfugaji analipwa. Ni kitu ya maana sana kwa mtu wa ngamia na mbuzi, mimi siidharau hata kidogo. Lakini Githeri akifa thamani yake ya soko ni ile lanchi yangu. Mimi natafuta mtu wa kulipa ili asife, na hiyo ni biashara tofauti kabisa.

Na nikikaa upande wa kampuni naelewa. Wenye sungura wa kulipiwa daktari ni wachache, hakuna rekodi za kutosha za bili za kupigia hesabu, na kumtambua mnyama mwenyewe ni shida. Nikikupelekea sungura mweupe amekufa, utajuaje sio wa jirani? Bima inafanya kazi wengi wakilipa na wachache wakigonjeka, sasa sisi wenyewe hata hatujai matatu.

Kasini yangu ako Uingereza na ako na sungura wawili, huko mambo ni tofauti, kuna kampuni kama Petplan zinachukua mbwa, paka na sungura. Nilimwomba anitumie mkataba wake nisome, nikausoma usiku mzima kama niko na mtihani. Kuna aina kadhaa huko. Kuna ya ajali peke yake, kuna ya kulipa ugonjwa mmoja kwa miezi 12 halafu unafungiwa, kuna ya kiasi fulani kwa kila ugonjwa mpaka kiishe, na kuna ya maisha ambayo kile kiasi kinajazwa upya kila mwaka ukiendelea kulipa bila kuruka. Hiyo ya mwisho ndio ghali na ndio ya maana kwa sungura, juu magonjwa yake mengi hayaishi, yanarudi. Jino lililoanza kumea vibaya litaendelea kumea vibaya maisha yake yote, na sungura akitunzwa anafika miaka 8, wengine 12.

Halafu sasa ukifika kwa kurasa za nyuma, zile za maandishi madogo. Chanjo hailipwi, na huko wanachanja kila mwaka. Kutolewa kizazi hakulipwi. Ugonjwa ulioonekana kabla hujasaini, ama ndani ya zile wiki mbili za kwanza za kungoja, haulipwi. Meno yanalipwa tu kama daktari amekuwa akiyacheki mara kwa mara na hakuna mahali ameandika kwamba yana shida. Na kila ukidai unatoa kwanza kiasi chako mwenyewe ndio wao waongeze. Kwa hivyo kasini bado analipa pesa mingi kutoka mfukoni. Siku ya shida kubwa anafurahi kuwa nayo, hilo nakubali.

Siku ajenti atanijia na bima ya kipenzi inayochukua hata sungura, na najua watakuja juu mbwa na paka wamejaa kwa maploti, mimi nitamuuliza hayo hayo kabla niangalie bei. Unalipa matibabu ama kifo? Nikidai leo mwaka ujao utaufungia huo ugonjwa? Meno yamo? Nalipa mimi kwanza halafu nirudishiwe, ama unamlipa daktari? Daktari ni yeyote ama ni wa listi yako, na kwa hiyo listi kuna hata mmoja anayejua sungura? Na kampuni iwe na leseni ya mamlaka ya bima, IRA, hiyo unaangalia mwenyewe.

Kwa sasa hesabu yangu ni hii. Tuseme kungekuwa na bima ya thao moja kwa mwezi. Ni 12,000 kwa mwaka, na mwaka ambao hajagonjeka hazirudi. Nikiweka hiyo thao mwenyewe, mwisho wa mwaka bado ni yangu na bili kama ya mwaka jana naimaliza na inabaki. Ubaya ni miezi ya kwanza, sungura hajui akaunti yako bado iko na mia tano. Na upasuaji mkubwa unaweza kumaliza akiba yote siku moja, hapo bima ingeshinda.

Pesa yenyewe unaweka wapi pia ni maneno. Ile akiba ya kufungia ya M-Shwari kwa simu ni nzuri kwa mtu kama mimi ambaye pesa haikai mkononi, lakini ukitaka kuitoa kabla ya wakati unangoja saa 48, na tumeshasema sungura amefunga tumbo anataka nini. Mani maketi, ile mifuko ya uwekezaji, inalipa riba kiasi, wanakata kodi ya 15% kwa hiyo riba, lakini ukiitisha inakuja siku za kazi, Jumamosi usiku hakuna mtu. So mimi nimegawa, kuna kiasi cha kuonwa usiku na dawa za kwanza kinakaa tayari kwa simu na sikigusi hata nikose stima, kile kingine kiko mani maketi. Fuliza, ile ya kukopa kwa M-Pesa, siiweki kwa mpango.

Kitu kimenisaidia zaidi ya zote ni chama. Tuko watu wachache wa sungura, tulijuana kwa kutafuta daktari tu, mmoja ako Rongai, mwingine South B, kuna mama wa Ruaka ako na wanne. Kila mtu anatuma mia tatu kwa mwezi. Mnyama wa mtu akigonjeka anachukua, na anarudisha polepole bila riba. Tulibishana sana kama iwe msaada ama mkopo, mimi nilisimama na mkopo, juu msaada ungeleta maneno, ati wako anagonjeka kila saa, ati wewe humlishi vizuri. Mama wa Ruaka ako na wanne na anachanga mia tatu kama mimi wa mmoja, hiyo bado tunaiongelea na naona hataki iongelewe. Lakini imetulipia usiku mbaya na hakuna fomu ya kujaza.

Halafu kuna kupunguza bili yenyewe kabla ije, na hapa ni nyasi, nyasi, nyasi. Meno ya sungura hayaachi kumea, kama milimita 2 hadi 3 kwa wiki, na kinachoyasaga ni kutafuna nyasi masaa mengi. Sio karoti, hiyo ni sukari. Sio kabeji, hiyo inaweza kumjaza gesi. Peleti za agroveti nyingi zimepangiwa sungura wa nyama, za kumnenepesha haraka, mpe kidogo tu. Mimi nanunua beli ya nyasi kavu, boma Rhodes, inakaa kwa balkoni imefunikwa na gunia, nyumba inanuka shamba, na mama mboga wangu ananiwekea dania na majani ya karoti ambayo angetupa. Hiyo beli ndio bima ya bei rahisi zaidi nimewahi kulipia.

Ingine ni daktari, umtafute mnyama akiwa mzima. Daktari mzuri wa ng'ombe anaweza kuwa hajawahi kufungua mdomo wa sungura, na sio kosa lake. Hakikisha amesajiliwa na Kenya Veterinary Board, halafu muulize maswali mawili matatu kwa heshima. "Daktari, akienda kufanyiwa upasuaji nimnyime chakula usiku?" Akisema ndio, kama anavyosema kwa mbwa, asante daktari, kwaheri. Sungura hatapiki, halazwi njaa. Muulize dawa ya viroboto, zile za fipronil za mbwa na paka zinaweza kumuua. Muulize kuhusu antibiotiki ya amoksilini ya kumeza, inaua bakteria wazuri wa tumbo na inaweza kummaliza yeye pia. Anayejibu haya bila kukasirika, hata akichaji mia tano zaidi, huyo ndiye rahisi. Ukikosa kabisa kuna Upper Kabete, kwa kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, wana kliniki ya wanyama wadogo, ukiuliza pale unaweza kuelekezwa. Upele wa masikio na ngozi, ambao ndio wengi hukutana nao, ni sindano ya ivermectin inayorudiwa baada ya siku kadhaa na kuosha kizimba, haufai kukutisha.

Kitu kikubwa mbele yangu sai ni kumtoa Githeri kizazi. Sungura wa kike asiyetolewa hatari yake ya kansa ya mji wa mimba inapanda sana akivuka miaka mitatu minne, na yeye anakaribia. Nimeulizia kliniki tofauti, bei zinapishana karibu mara mbili kwa kazi ile ile. Ile ya rahisi waliniambia nimlaze njaa. Ile ya ghali waliniambia nije na nyasi zake mwenyewe ale mpaka dakika ya mwisho na akiamka azikute. Nimechukua ya ghali, nusu iko, nusu ingine nimeomba chama, na mama wa Ruaka ameshasema sawa.