Siku moja jikoni mwa hekalu, Phuket

Saa kumi alfajiri taa za jiko zimeshawashwa. Huku Phuket, kusini mwa Thailand, ni sikukuu ya Kin Jay, yaani kula bila nyama: siku tisa za mwanzo wa mwezi wa tisa wa kalenda ya Kichina, ambazo aghalabu huangukia Oktoba. Anayejitolea huingia kwa nguo nyeupe, na vyombo vyake vya kulia mkononi. Kisu au sufuria iliyowahi kugusa nyama haiingii, hata ikisuguliwa vipi. Wageni wengi hukosea hapo.

Nyama, samaki, mayai na maziwa vyote ni mwiko. Vitunguu na liki pia, na kitunguu saumu. Kwa aliyezoea kuanza mchuzi kwa kukaanga kitunguu, hilo ndilo gumu kuliko yote. Ladha hutoka kwenye uyoga mkavu wa shiitake uliolowekwa tangu jana. Maji yake ndiyo supu, usiyamwage. Ongeza tangawizi, pilipili manga nyeupe na sosi ya soya. Angalia chupa: sosi ya chaza na ya uyoga zinafanana kwa rangi na uzito.

Saa kumi na moja ni zamu ya "nyama" ya ngano. Kilo moja ya unga wa mkate, maji kama mililita 600, chumvi kidogo. Kanda dakika 15, kisha lifunike donge kwa maji baridi, lilale saa nzima. Halafu likamue ndani ya maji, ukibadilisha maji kila yanapokuwa meupe kama tui, mpaka yabaki karibu kuwa safi. Kinachosalia ni gluteni, protini ya ngano, inavutika kama mpira. Ukiharakisha kabla donge halijalala, au ukitumia unga wa keki, lote huyeyukia kwenye beseni na hakuna cha kuokoa. Gluteni ichemshwe kwa moto mdogo. Maji yakitokota kwa nguvu, gluteni hufura na kuwa kama sifongo.

Saa moja asubuhi maandamano hupita, na waliopagawa na miungu wamejitoboa mashavu kwa vyuma. Fataki hurushwa miguuni mwao. Funika kila sufuria, maana majivu na vipande vya karatasi nyekundu hufika mpaka mezani. Pamba masikioni, miwani machoni.

Saa nne watu hupanga foleni na pinto, vile vyombo vya ghorofa. Wali chini, mchuzi kati, vikavu juu.

Mchana ni kukaanga tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa. Ikandamize kwanza chini ya kitu kizito nusu saa na uifute. Ikiwa na maji, mafuta huruka na kuunguza mikono. Usijaze karai: mafuta yakipoa, tofu huyanywa.

Saa kumi na mbili jioni, barabara ya Ranong, karibu na hekalu la Jui Tui, imejaa vibanda. Bendera ya njano yenye herufi nyekundu ndiyo alama ya chakula cha jay. Beba noti ndogo za baht, fedha ya Thailand. Nunua kidogo kila kibanda, uanze na tambi za Hokkien, za Kichina, zikiwa bado zinatoka moshi, zikikaa hushikana.

Saa tatu usiku mafuta huchujwa yakiwa yamepoa, karai husuguliwa, uyoga wa kesho huingia kwenye maji.